Parseli ya bei rahisi kando ya ziwa

Mama mmoja wa Rurambo, mjane mwenye watoto watano, aliuza ng'ombe wake wawili wa mwisho siku tatu kabla ya kushuka milima. Aliuza kwa hasara kama wanavyouza wote wanaokimbia, kwa sababu mnunuzi akikuona na mzigo kichwani na mtoto mgongoni, anajua hutarudi kesho kubishana. Pesa ile aliifunga kwenye kitambaa, akaishona ndani ya pindo la kitenge. Alipofika Uvira hakuigusa. Kwa miaka mitatu alipanga chumba kimoja Kavimvira, akauza ndagala na unga wa muhogo, akaongeza kidogo kidogo juu ya ile ya ng'ombe, hadi akafikisha dola 1,800.

Watu wa mlimani wanaoishi Uvira wanaijua hesabu ambayo mama kama huyu anaifanya usiku. Kodi ya chumba inakwenda na hairudi. Mwenye nyumba anaweza kuamka na kusema, "Mwezi ujao mtoke, mtoto wangu anaoa." Na habari ya kurudi Rurambo inazungumzwa Jumapili baada ya kanisa, lakini hakuna anayethubutu kuipangia pesa. Basi mama akaanza kuulizia parseli.

Komisioneri hakukawia kumfikia. Hapa mjini makomisioneri wanajua nani ana pesa kabla jirani wa ukuta mmoja hajajua. Alikuja kijana mwenye simu mbili na kalamu mfukoni, akamwambia kuna parseli upande wa ziwa, chini ya barabara kubwa. Mwenyewe anahama, anataka pesa ya haraka. Meta 20 kwa 25, dola 1,500.

"Mama, mlimani kwa pesa hiyo utapewa mawe tu," kijana akamwambia. "Hapa ni tambarare, gari inafika. Mbele unaweka milango miwili ya biashara, katikati nyumba yako, nyuma anexi za kupangisha. Ukipata nguvu kesho, unapandisha etaji."

Neno la etaji lilimchekesha mama, lakini ile milango miwili ya biashara ilimwingia moyoni. Jioni alichora parseli kwa kijiti kwenye vumbi mbele ya mlango, na watoto wakaanza kugombania vyumba. Mkubwa wao, anayemaliza sekondari, hakugombania. Aliuliza tu, "Mama, tumeshaiona?"

Walikwenda kuiona mwanzoni mwa Oktoba. Mtu wa Rurambo hana sababu ya kujua kwamba ziwa Tanganyika lina majira yake. Linapanda na mvua hadi karibu mwezi wa tano, kisha linashuka polepole kiangazi chote, na linafika chini kabisa mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Anayetaka kuuza parseli ya pwani anaionyesha Oktoba. Mchanga umekauka, watoto wanacheza mpira mahali ambapo Mei palikuwa na mitumbwi, na maji yanaonekana mbali kama ya mtu mwingine.

Parseli ilikuwa nzuri kwa macho. Kulikuwa na nyumba ndogo ya matofali isiyo na manjanja, na kuta zake zilikuwa zimepakwa chokaa jana au juzi. Chokaa iliishia kiunoni. Juu yake ukuta ulibaki mchafu. Mama hakutia maanani. Mtoto ndiye aliyekwenda kwa jirani, ambako hakuna aliyepaka kitu, akakuta mstari wa kahawia umezunguka nyumba nzima kama mshipi. Akasimama kando yake. Ulimfika juu ya goti.

Karibu hapo mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu. Mtoto akamsalimu, akauliza, "Mzee, maji yalifika mpaka hapa?"

"Yalifika," mzee akajibu. "Na hayakupita kama ya mto. Yalikuja yakakaa. Miezi. Mimi chumba changu nilikuwa naingia na mtumbwi."

Komisioneri alisema ilikuwa mara moja tu, mwaka wa mafuriko, na kwamba ziwa limekwisha kurudi kwake. Hakusema uongo kabisa. Ziwa lilikuwa limerudi. Lakini lilikwishatoka zaidi ya mara moja. Lilipanda 2020 na 2021, likapanda tena 2024 hadi karibu meta 777 juu ya usawa wa bahari, kiwango ambacho wazee wanakilinganisha na kile cha 1964. Mito mingi inaliingia, Ruzizi ukiwa mmojawapo, lakini mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Mvua ikizidi miaka miwili au mitatu mfululizo, maji hayana mlango mwingine wa kutokea. Yanapanda kwa wote kwa pamoja: Uvira, Baraka, Kalemie, Bujumbura, Kigoma. Na yakipanda hivyo hayashuki kwa wiki moja. Mto unakuja na hasira unaondoka. Ziwa linakuja polepole, linakaa na wewe, linaoza kuta zako kutoka chini.

Mama alitoka pale bado anaitaka parseli. Ni vizuri jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu watu wanadhani anayenunua kando ya maji ni mjinga. Mama huyu alikuwa ameona mstari ule kwa macho yake. Lakini aliona pia meta 500 za mraba kwa dola 1,500, na watoto watano wanaolala chumba kimoja. Alimwambia mtoto wake kwamba wataweka msingi wa mawe, watainua nyumba. Wapo waliofanya hivyo na wanakaa.

Kilichombadilisha kidogo ni swali la karatasi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, alimwambia asitoe hata franka kabla hajajua ardhi ile ni ya nani. (Shemeji huyo huyo alitaka pia karatasi iandikwe kwa jina lake yeye, "kwa ajili ya heshima ya familia". Mama alimshukuru kwa shauri la kwanza, na la pili akalipita kimya kimya.)

Rurambo mambo ya ardhi yalikuwa tofauti. Shamba lake linajulikana kwa migomba ya mpakani na kwa vinywa vya majirani. Baba mkwe alilipata kwa chifu, kwa kutoa kile desturi ilichodai wakati huo, na hakuna aliyewahi kuomba karatasi. Sheria ya ardhi ya Kongo, ile ya tarehe 20 Julai 1973 iliyorekebishwa 1980, inasema ardhi yote ni mali ya serikali, na kwamba ardhi wanazokaa watu kwa desturi zitawekewa utaratibu na amri ya rais wa Jamhuri. Amri ile ilisubiriwa miaka makumi, na watu wa vijijini wakaendelea na migomba yao. Kijijini hilo linawezekana. Mjini haliwezekani. Mjini, sheria ile ile inasema haki ya mtu juu ya parseli inathibitishwa na hati moja tu, setifika ya usajili inayotolewa na konservateri. Karatasi nyingine zote ni hatua za njiani.

Muuzaji alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa fishi yenye sahani na muhuri wa shefu wa kartie, ya pili mapatano ya kununua kwa mtu aliyemtangulia, yenye mashahidi wanne na alama za vidole. Mama alizishika kwa mikono miwili. Zilimpendeza, kwa sababu Rurambo mashahidi wanne ni kitu kikubwa. Komisioneri akasema, "Unaona? Makaratasi yako kamili."

Wakazipeleka kwenye ofisi moja inayohusika na vipimo. Siku ya kwanza aliyekaa mlangoni aliwaomba pesa ya kufungua daftari, bila risiti. Siku ya pili aliwaambia mwenye daftari hayupo. Siku ya tatu walimpata jeometa mwenyewe, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na yeye hakuwaomba kitu. Alizisoma karatasi zote mbili mpaka chini, akazirudisha.

"Mama, hizi zinasema majirani wanajua huyu mtu anakaa hapa. Hazisemi serikali ilimpa."

"Papa, si shefu wa kartie ni serikali?"

"Ni serikali. Lakini hagawi ardhi. Anashuhudia."

Akawaeleza kwa utaratibu, akichora nyuma ya bahasha. Ardhi ya mji inatakiwa kwanza ipimwe na kukatwa viwanja kwa plani iliyokubaliwa. Kila kiwanja kinapata namba. Mwenye kuomba anapewa kwanza mkataba wa kupanga na serikali, usiozidi miaka mitatu. Katika muda huo anapaswa kujenga, ndiyo ile inayoitwa kuiendeleza ardhi. Mikataba hii kwa kawaida inataka mtu aingie ndani ya miezi 6 na aanze kujenga ndani ya miezi 18. Akishajenga na ikathibitishwa, anaweza kuomba konsesio. Mkongomani anaweza kupata ile ya kudumu, mgeni anapata ya muda, kwa kawaida miaka 25 inayoweza kuongezwa. Hapo ndipo setifika inapotoka, na ikishakaa miaka miwili bila mtu kuishtaki, ni vigumu sana kuitikisa.

Mtoto alikuwa anaandika. Mama alikuwa anahesabu. Kama anatoa 1,500 kwa kununua, anabaki na 300. Kwa 300 hawezi kujenga hata chumba cha mabanzi kinachokubalika mjini, sembuse kulipa vipimo, mkataba na plani ya nyumba. Aliona jambo ambalo hakuna komisioneri anayelisema: bei ya parseli ni mwanzo wa gharama, na aliyemaliza pesa zote siku ya kununua anabaki na ardhi anayotakiwa kuijenga na hana cha kujengea.

Kisha jeometa akafungua plani ya upande ule. Ilikuwa karatasi ya zamani, imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imetoboka. Akatafuta avenyu kwa kidole. Viwanja vyenye namba vilifika mahali fulani, vikakoma. Baada yake palikuwa peupe mpaka mstari wa buluu. Parseli ya komisioneri ilikuwa mahali peupe.

"Hapa hapakusahauliwa," mzee akasema. "Paliachwa."

Ni kipande hiki cha maelezo yake ambacho wakaaji wengi wa pwani wangefaa kukisikia, hasa wale waliokuja karibuni. Sheria ya 1973 inasema sakafu ya kila ziwa na kila mto ni mali ya umma ya serikali. Haiuzwi na haigawiwi mtu. Na sakafu hiyo haiishii pale unapoona maji leo. Inakwenda mpaka mstari ambao maji yanaufikia yanapokuwa juu kabisa katika kupanda kwake kwa kawaida kwa majira, bila kuhesabu yale ya kufurika. Kwa maneno mengine, Oktoba mtu anaweza kusimama kwenye mchanga mkavu, viatu havina tone, na kwa sheria akawa amesimama ndani ya ziwa.

Mtoto aliuliza swali zuri. Kama ziwa lilipanda 2020, na 2021, na tena 2024, ile ni ya kawaida au ni ya kufurika? Mstari uko wapi?

Mzee alivua miwani. Alisema wakati sheria inaandikwa ziwa lilikuwa limetulia, na mtu aliweza kuonyesha mstari kwa kidole. Sasa mwenye nyumba atasema maji yale yalikuwa ya ajabu, kwa hiyo parseli ni yake. Ofisi nyingine itasema ziwa limefika mara tatu ndani ya miaka mitano, kwa hiyo ni kawaida yake. Wote wawili watakwenda kwa jaji. "Na wewe Mama, wakati wanabishana, utakuwa umelala wapi?"

Ng'ambo ya pili ya maji, Burundi walijaribu kuumaliza ubishi huu kwa namba. Sheria yao ya maji ya 2012 iliweka meta 150 kutoka ziwa Tanganyika kuwa eneo la kulindwa. Namba ni rahisi kupima. Kuitii ni jambo jingine, na anayevuka kwenda Bujumbura anaona mwenyewe nyumba zilizo ndani ya zile meta 150, nyingine za watu wakubwa. Lakini angalau mnunuzi wa kule anaweza kuchukua kamba na kupima kabla ya kutoa pesa.

Walipokuwa wanaondoka, mama aliuliza habari ya milango miwili ya biashara. Jeometa akamwambia hata kama parseli ingekuwa na namba, sehemu ile ilipangiwa makao. Mkataba unaandika ardhi ni ya kazi gani, na kuibadili kunataka ruhusa ya maandishi kwanza. Meza ya ndagala mbele ya nyumba hakuna atakayeisumbua. Duka la matofali lenye milango ya chuma linaloelekea barabarani ni jambo jingine. Na kwa jengo lolote la kudumu mjini kuna kibali cha kujenga, kinachoombwa kwa watu wa urbanizime, pamoja na plani ya nyumba inayoonyesha ukuta utakaa wapi, maji ya mvua yatapita wapi, choo kitachimbwa wapi. Wasio na kibali ndio ambao siku moja wanaamka wanakuta msalaba mwekundu ukutani.

Swali la choo ndilo lililomkata mama moyo kuliko sheria yote. Jioni walipita tena pwani, akamuuliza yule mzee mvuvi wanachimbaje choo. Mzee akacheka. Unachimba meta moja, akasema, unapata maji. Mvua ikinyesha shimo linajaa, linatoka juu, linakwenda kwenye maji ambayo watoto wanachota. Uvira haihitaji kufundishwa kipindupindu. Kila familia ya hapa ina jina la kutaja. Mama huyu alimpoteza mtoto wa dada yake kwa ugonjwa huo mwaka wa kwanza waliposhuka. Alisimama pale, akatazama meta zile 500 tambarare, akaona kwamba vyumba vya anexi alivyovichora kwenye vumbi, kila kimoja na watu wanne au watano wa kupanga, vyote vingetumia shimo moja linalofurika. Hakuzungumza njiani.

Komisioneri hakukata tamaa. Alikuwa na parseli nyingine kando ya mto Mulongwe, ya bei rahisi zaidi. Hiyo mama hakwenda hata kuitazama. Alikuwa hajafika Uvira usiku ule wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto ulipotoka kwenye njia yake ukapita katikati ya nyumba, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Lakini chumba anachopanga kinatazamana na cha mama mmoja aliyeokoka usiku ule juu ya ukuta akiwa na wajukuu wawili, na hadithi hiyo ameisikia zaidi ya mara moja. Mahali pale palipopitwa na mto, watu wameanza tena kuweka mawe ya mipaka. Wengine ni wenyewe wa zamani wasio na pa kwenda. Wengine ni wanunuzi wapya, na wengi wao wametoka mbali, kwa kuwa mwenyeji wa Uvira hahitaji kuambiwa mto ulipita wapi.

Hapa pana jambo la kuwalaumu watu, na lisifichwe. Parseli za mahali pa hatari haziuzwi kwa wenyeji, zinauzwa kwa waliokimbia. Aliyetoka Rurambo, Bijombo au Lemera haujui mstari wa maji, hajui kwamba Oktoba ni mwezi wa kuonyesha, na muhuri wa kartie unamtosha. Anayemuuzia anajua yote hayo. Mara nyingine naye alinunua hivyo hivyo, bila kujua, na sasa anamtafuta wa kumrithisha hasara. Ndiyo maana haifai kumwita kila muuzaji mwizi. Lakini chokaa ile iliyoishia kiunoni hakuipaka mtu asiyejua.

Upande wa mlima nao si mbinguni. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na maji, na sehemu tambarare salama zilikwisha zamani. Anayepanda juu anakuta miteremko ambayo mvua inaichimba makorongo. Ili upate mahali pa kuweka nyumba ya meta 6 kwa 8 unakata mlima, na udongo uliokata ndio unaokuangukia mwaka ujao kama hukujenga ukuta wa kuuzuia. Bomba la Regideso halifiki kila mahali. Bidoni la lita 20 linapandishwa kichwani. Gari haliingii, kwa hiyo mfuko wa simenti unaolipia mjini kwa bei moja unaulipia tena kwa mbebaji. Wazee wa mlimani hawaogopi mteremko, hiyo ni kweli, lakini Rurambo mtu alikuwa na kilima kizima cha kuchagua pa kusimamisha nyumba.

Mama alipata nusu parseli, meta 10 kwa 20, juu ya barabara, si mbali sana na mto wala si ndani ya korongo. Dola 1,100. Mwenyewe ana mkataba na namba, na jeometa aliipata namba hiyo kwenye plani. Meta 200 za mraba badala ya 500. Hakuna milango ya biashara, hakuna anexi. Mtoto wake alichora upya: vyumba vitatu, jiko nje, choo kwenye kona ya chini mbali na nyumba ya jirani, mtaro wa kupitisha maji ya mvua kando ya ukuta. Ikibaki nafasi, chumba kimoja cha kupangisha, kimoja tu.

Kununua nusu kuna mtego wake, na jeometa aliwaonya. Parseli ikikatwa kwa maneno na kamba peke yake, ile nusu haina namba yake. Inabaki kivuli cha karatasi ya mwenzako. Akifa, akigombana na ndugu zake au akiweka parseli nzima rehani, nusu yako inakwenda nayo. Kukata kunatakiwa kupimwe, kuandikwe mpaka mpya, kuwekwe boni kwenye pembe, na kila nusu itoke na namba yake. Ndiyo maana mama hakutoa pesa yote. Alitoa 700 mbele ya mashahidi, na kwenye mapatano wakaandika kwamba 400 zitatolewa siku namba mpya itakapotoka. Muuzaji alinung'unika. Akakubali, kwa sababu ada ya shule ilikuwa inamsubiri.

Karatasi iliandikwa kwa jina la mama. Shemeji alikuwa shahidi wa kwanza. Alitia sahihi bila neno, na baadaye alikunywa chai na mikate miwili.

Zimepita wiki nyingi na namba haijatoka. Mara plani iko kwa mkubwa, mara mkubwa yuko Bukavu. Mtoto anapita ofisini kila Jumanne baada ya masomo, anasalimu, anauliza, anaandika tarehe na jibu kwenye daftari. Mama amekwisha kupeleka mawe ya msingi kwa vichwa vya watoto, jiwe moja moja, lakini hajayaunganisha kwa simenti. Amepanda migomba mitatu pembeni, upande wa mpaka. Mwenye nusu ya pili alimuuliza ya nini, wakati boni zitakuja. Akajibu kwamba boni zije zitaikuta migomba.

Ile parseli ya pwani ilinunuliwa ndani ya siku kumi. Mwezi wa tatu, mvua ikiwa imeanza kuzidi, mama alipeleka ndagala upande ule akapita mbele yake. Nyumba ilikuwa na manjanja mapya na chokaa mpaka juu. Mwanamke aliyekuwa anafua uani alimwitikia salamu kwa matamshi ya mlimani. Alikuwa wa kijiji cha pili tu kutoka Rurambo, walijuana kwa majina ya wakwe zao. Alimkaribisha, akampa kiti, akamwonyesha mahali atakapoweka milango miwili ya biashara.

Mama alimuuliza kama ana karatasi. Mwanamke akaingia ndani, akatoka na fishi na mapatano yenye mashahidi wanne. Mama alizisoma, akazirudisha. Kisha akamwambia kuna mzee mmoja jeometa mwenye miwani ya uzi, mtu mzuri, haombi kitu, na kwamba mtoto wake anakwenda huko kila Jumanne. Kama shemeji yake mwenye nyumba hii ana nafasi Jumanne ijayo, waende pamoja.

Mwanamke akasema atamwambia mume wake. Maji yalikuwa meta kama kumi na tano kutoka kwenye kamba ya nguo.